Bata la Dirishani

Zamani mtani wako alikutukana asubuhi mbele za watu, na jioni akabisha mlangoni kwako na kuku mkononi. Siku hizi hakuna anayekutukana, na kuku haji.

Laurenti alikulia katika dunia ya kuku anayekuja. Kwao ni Unyamwezi. Alishuka pwani kwa treni na lori pamoja na manamba wenzake, akapewa kipande, ile kadi ya kazi, na kupelekwa kwenye shamba moja la mkonge njia ya Pangani. Shamba lenyewe leo halipo. Ukipita pale kwa bodaboda utaona nyumba za watu waliokuja juzi, na ukiwauliza brashi ilikuwa wapi, watadhani unatafuta ya viatu.

Brashi ilikuwa banda la kusafishia singa, yaani nyuzi za mkonge. Mkonge ukishatoka korona, mashine ya kukamulia majani, na kuanikwa, uliletwa pale ukapigwa na mashine mpaka ukang'aa. Vumbi lililotoka lilikuwa jeupe, laini kama unga wa muhogo, likaingia kwenye nyusi, kwenye mboga, kwenye vifua. Laurenti alifanya kazi ndani. Mkewe Praxeda, aliyemfuata kutoka kwao, alifunga matita ya singa mlangoni kwa kibarua cha kutwa. Vumbi halikuuliza nani ana kipande na nani hana. Laurenti likampita. Praxeda likamkaa. Kifua kikaanza kupiga miluzi mvua zikinyesha, kisha mvua na jua, kisha hata akiinuka kuchota maji.

Dawa ilikuwapo. Hospitali ya shamba ilikuwa nyumba ya bati yenye dirisha moja la kupokelea wagonjwa, na kabatini mlikuwa na chombo cha kioo chenye tumbo la mviringo na shingo iliyopinda, nyuma yake kuna mpira wa kubonyeza. Unatia matone ya dawa tumboni, mgonjwa anaweka shingo ile mdomoni, unabonyeza mpira, dawa inatoka ukungu na kuingia kifuani. Mpira ulipobonyezwa ulilia kwaa, kwaa. Watu wakakiita Bata.

Kila kitu kilichopita dirishani kilikuwa na namba, ili ofisi ya mjini Tanga ijue ni nani wa kulipa. Kwinini ilikuwa na namba yake, bandeji yake. Bata lilikuwa na namba tatu, kwa kuwa lingeweza kutolewa kwa njia tatu. Thelathini na moja: mwenye kipande aliyeumia kwa vumbi la brashi, analichukua kwenda nalo nyumbani, shamba linalipa. Thelathini na mbili: mtu mwingine yeyote, analinunua kwa fedha yake. Thelathini na tatu: mgonjwa anapulizia pale pale dirishani, na chombo hakitoki.

Aliyeandika namba hizo siku hizo alikuwa dresa, mfunga vidonda wa hospitali, jina lake Mwinyijuma, Mzigua wa ng'ambo ya mto Pangani. Mtu mfupi, msafi, koti limepigwa pasi, kofia ya vito kichwani, na ulimi uliowafanya wagonjwa wasahau wanaumwa wapi. Na Mzigua kwa Mnyamwezi ni mtani, tangu misafara ya pembe ilipokuwa ikishuka Pangani na Saadani.

Vijana wa leo mtaniuliza mtani ndiye nani. Mtani alikuwa na ruhusa ambayo ndugu wa tumbo moja hana. Aliingia kwako akafunua chungu. Alikuita maiti nawe ukacheka, na ukikasirika aibu ilikuwa yako. Lakini ruhusa hiyo ilikuwa na upande wa pili. Yule anayekutukana ndiye aliyekuosha ukifa, ndiye aliyekuchimbia kaburi, ndiye aliyekupa ukikosa. Tusi lilikuwa hodi tu. Nyuma ya hodi alisimama mtu amebeba kitu.

Mwaka wa hamsini na mbili, wakati wa masika, Praxeda alishindwa kulala chali. Laurenti akaomba ruhusa kwa nyapara, akaenda dirishani. Palikuwa na foleni ndefu, na Mwinyijuma alikuwa kwenye raha zake.

"Huyo anakuja Mnyamwezi!" akapaza sauti. "Mficheni mzigo wowote, asije akaubeba kwa mazoea."

Watu wakacheka. Laurenti naye akacheka.

"Mtani, mke wangu kifua kimembana," akasema. "Nimekuja kuomba Bata."

"Mkeo?" Mwinyijuma akatoa kichwa dirishani, akamtazama juu na chini. "Ninyi si ndio mlibeba pembe za tembo kutoka Tabora mpaka baharini hamkutweta? Leo pumzi zimekwenda wapi? Kaziacha njiani. Rudi ukaziokote!"

Foleni nzima ikapasuka. Mama mmoja alijishika mbavu. Laurenti alicheka mpaka akafuta macho, kwa kuwa tusi lilikuwa zuri, na kwa kuwa alijua maana yake. Tusi la namna ile, mbele ya watu wengi vile, lilitaka zawadi kubwa. Hakuomba tena. Kuomba mara ya pili kungekuwa kumwambia mtani kwamba hakumwelewa. Alirudi kambini akamwambia mkewe, "Vumilia, jioni Bata linakuja. Mwinyijuma amenitukana vizuri sana."

Praxeda akatabasamu, akamwambia afagie mlango, mgeni asikute takataka.

Jioni ikaja peke yake. Laurenti aliacha mlango wazi ili mtani asipate taabu ya kubisha. Kulipopambazuka Praxeda alikuwa ametulia, na chumba kilikuwa kimya kwa mara ya kwanza tangu masika yaanze.

Mwinyijuma alikuja msibani mapema kuliko wote. Watani ndivyo walivyofanya, na mtu asimlaumu kwa hilo. Alichimba kaburi kwa mikono yake. Akalala ndani yake, akakataa kutoka mpaka apewe kanga ya marehemu. Akapewa. Akajifunga ile kanga, akatoka kaburini, akaanza kumwigiza Praxeda: mkono kiunoni, shingo mbele, akipumua kwa miluzi, hii, hii, hii. Waombolezaji walilia na kucheka kwa pamoja, kama inavyopasa, maana kazi ya mtani ni kuwachekesha watu wasiingie kaburini na maiti.

Kisha, akiwa amelewa vicheko vile, akasema neno moja zaidi.

"Nami Bata wangu nilimfungia kabatini," akasema, "asije akaliwa na Wanyamwezi!"

Watu wakacheka tena. Ni mtu mmoja tu aliyesikia kwamba hilo halikuwa mzaha. Bata lilikuwa kabatini usiku ule wote. Halikuwa limeazimwa, halikuwa limevunjika. Praxeda hakuwa na kipande, kwa hiyo namba yake ilikuwa thelathini na mbili, ya kununua. Mwinyijuma hakutaka kuandika thelathini na moja akaulizwa na ofisi ya Tanga. Hakuwa na ujasiri wa kumwambia mtu usoni kwamba hampi, akajificha nyuma ya utani. Kufuli moja, kicheko kimoja, mambo yakaisha.

Laurenti alipeleka shauri kwa Mzee Tadeo, aliyesikiliza kesi za kambi, Mnyamwezi mwenzake.

"Alikutukana?" Tadeo akauliza.

"Alinitukana."

"Ulicheka?"

"Nilicheka."

"Basi. Utani hauletwi barazani, mwanangu. Ukimshitaki mtani wako, nani atakuzika?"

Kuanzia siku hiyo Laurenti hakutaka kumpiga Mwinyijuma, wala kumroga, wala kumkata kwa panga la mkonge, ingawa panga lilikuwapo. Kipigo hupoa. Alitaka dirisha.

Kusoma alijua kwa katekisimu. Kuandika vizuri, kujumlisha na kupiga taipu alijifunza mwenyewe, kwa magazeti ya kufungia sukari, kwa maandishi ya maboksi ya dawa, kwa kumsumbua kila aliyewahi kukaa darasani. Wenzake walikunywa tembo la mnazi, yeye akakaa chini ya taa ya barazani na kipande cha penseli. Mashamba ya jirani yalipoanza kuleta wagonjwa wao pale, kampuni ikahitaji karani wa bili, mtu wa kuandika namba tu kutwa kucha. Laurenti akapata. Akahamia ndani ya nyumba ya bati, mezani, nyuma ya lile dirisha. Mwinyijuma akabaki na sindano na dawa.

"Sasa tumefugwa na Mnyamwezi!" Mwinyijuma akasema siku ya kwanza. "Kalamu ameibeba kichwani."

Laurenti akacheka. Akacheka kesho yake, na miaka iliyofuata. Hakuna aliyejua jinsi kicheko kile kilivyokuwa kikavu, maana watu husikia sauti tu. Kila siku mchana Mboni, mke wa Mwinyijuma, alimletea mumewe chakula, na kila siku alikuja amejitanda ile kanga ya Praxeda, yenye alama ya kuungua na pasi kwenye pindo. Ilikuwa haki yake, kanga ya mtani. Laurenti aliitambua alama ile kwa sababu pasi alikuwa ameishika yeye.

Mungu ana zamu zake. Mwaka wa hamsini na saba Mwinyijuma alianza kukohoa. Ofisi haikutaka dresa anayekohoa juu ya vidonda vya watu, ikamleta kijana aliyetoka chuoni, Fanueli, na Mwinyijuma akapelekwa kulinda mlango wa brashi. Pale pale Praxeda alipofunga matita. Kabla ya masika kurudi, kifua chake kilikuwa kinapiga miluzi.

Akaja dirishani asubuhi, ameegemea ukuta, foleni nyuma yake.

"Mtani," akasema kwa taabu. "Ninataka Bata."

Kwa haki namba yake ilikuwa thelathini na moja. Alikuwa na kipande, alikuwa na vumbi, na hapakuwa na mtu shambani aliyeijua kanuni ile kuliko yeye. Laurenti alichovya kalamu, akaandika thelathini na tatu, akaigeuza karatasi ili Mwinyijuma aisome vizuri.

Mwinyijuma akasoma. Akainua macho.

"Hii ni ya dirishani," akasema.

"Ya dirishani, mtani. Bata hatoki. Atakuja kuliwa na Wazigua."

Watu wakaanza kucheka kidogokidogo. Laurenti akatoa kichwa nje, akamtazama juu na chini.

"Ninyi si mnavuka mto wa mamba kwa miguu? Leo pumzi zimekwenda wapi? Umeziacha ng'ambo. Rudi ukaziokote!"

Foleni ikapasuka. Na mtani akitukanwa lazima acheke. Mwinyijuma akacheka. Sasa, mtu asiyewahi kukaa na mwenye pumu hajui kicheko ni nini kwa kifua kama kile. Kicheko kilimshika katikati, kikageuka kikohozi, kikohozi kikageuka miluzi, akapiga magoti na vidole vyake vikiwa vimeshika ukingo wa dirisha. Laurenti alingoja foleni imalize kucheka. Ndipo akatia matone, akampa shingo ya kioo mdomoni, akabonyeza mpira mwenyewe. Kwaa, kwaa. Polepole.

"Umepona, mtani?"

"Nimepona."

"Basi kesho."

Ikawa ndiyo desturi. Kila asubuhi Mwinyijuma alitoka kwake, akapumzika penye mti wa mkungu, akapumzika penye tangi la maji, akafika dirishani. Kila asubuhi Laurenti alikuwa na tusi jipya, na lilikuwa tusi zuri, maana alilitunga usiku. Watu walikuja hata wasioumwa, wakakaa kwenye nyasi kusikiliza. Wakasema hakujawahi kuwa na watani kama wale wawili, kwamba huu ndio utani wa wahenga. Yeye Mwinyijuma alicheka kila siku, na kila siku kicheko kilimwangusha kabla dawa haijamwinua.

Fanueli alitia sahihi karatasi bila kusoma namba. Alikuwa amesoma vitu vikubwa zaidi.

Mwinyijuma alikwenda kwa Mzee Tadeo, mara moja tu.

"Alikutukana?" Tadeo akauliza.

"Kila siku."

"Ulicheka?"

Mwinyijuma akasimama, akajipangusa kanzu, akaondoka bila kungoja maneno yaliyobaki. Aliyajua.

Kisha akaja Mboni, nyumbani kwa Laurenti, jioni, kanga ameikunja mikononi badala ya kuivaa.

"Shemeji," akasema, "najua unachofanya. Yeye pia anajua. Anasema mwache, ana haki yake. Lakini mimi ndiye ninayemsikia usiku. Mwandikie alichukue. Na hii chukua, ni ya mwenzangu."

Laurenti aliitazama kanga. Alama ya pasi ilikuwa juu.

"Siku ile," akauliza, "wewe ulijua limo kabatini?"

Mboni aliikunjua kanga, akaikunja tena. "Nilimwambia apeleke," akasema. "Akaniambia, 'Laurenti amecheka, hana neno.'"

"Jitande kanga yako, shemeji. Kuna baridi."

Wapo watakaosema hapo angetosheka. Hao hawakufagia mlango kwa ajili ya mgeni asiyekuja.

Mwaka uliofuata shamba lilimwachisha Mwinyijuma kazi, kwa kuwa hata mlango hakuweza kuulinda. Akaamua kurudi kwao, ng'ambo ya mto. Asubuhi ya safari Fanueli alimwita Laurenti penye kabati. Kijana hakuwa na ubaya. Ulikuwa uvivu tu wa kusoma namba, na siku hiyo alikuwa ameisoma.

"Karani, mzee huyu alikuwa wa thelathini na moja siku zote. Tumekosea," akasema. "Mimi nimeshaandika. Lori la singa linakwenda Pangani sasa hivi. Mpelekee Bata lake na chupa ya dawa kabla hajavuka, anaweza kulitumia huko kwao mpaka mwisho wake."

Laurenti akalifunga Bata kwa pamba, akalitia kwenye mkoba wa ngozi pamoja na chupa. Njia nzima alilipakata, akilikinga na mashimo. Kioo kile hakikupata hata ufa.

Aliwakuta Pangani penye pantoni. Mwinyijuma amekaa juu ya sanduku la bati, kofia yake ya vito safi kama siku zote, mabega yamepanda masikioni kwa kutafuta pumzi. Mboni amesimama nyuma yake. Watu wa ng'ambo walikuwa wameanza kupanda, na vikapu vya dagaa, na baiskeli.

Mboni alimwona kwanza. Aliona mkoba. Aliona jinsi ulivyobebwa, kwa mikono miwili.

"Ameleta," akamnong'oneza mumewe. "Bwana, ameleta!"

Mwinyijuma akainua kichwa. Wakatazamana. Miluzi ya kifua kile ilisikika mpaka pale Laurenti aliposimama.

"Mnyamwezi," Mwinyijuma akasema, neno kwa neno. "Umekuja... kubeba... sanduku langu?"

Abiria wakacheka. Lilikuwa tusi zuri, kwa mtu asiye na pumzi.

Laurenti akasogea. Mkono wake ulikuwa umeshafungua kifungo cha mkoba. Vidole viligusa pamba, na chini ya pamba vikagusa shingo ya kioo. Ndipo upepo ukatoka mtoni, ukaipeperusha kanga ya Mboni, na alama ya pasi ikamjia usoni.

Akafunga kifungo.

"Mzigua wewe!" akapaza sauti, mpaka mwenye pantoni akageuka. "Unalia nini kama beberu? Pumzi zako ziko ng'ambo, nilikwambia tangu zamani. Vuka ukaziokote! Tangulia, mimi ninakuja."

Abiria wakapiga makofi. Mboni alicheka, akacheka kwa moyo wote, machozi yakimtoka, maana alikuwa mwanamke wa zamani na alijua tusi la namna ile linataka zawadi gani. Akamwinua mumewe. "Umesikia? Anatuletea ng'ambo. Anataka kukufikisha mpaka kwenu, ndio heshima ya mtani. Twende."

Mwinyijuma hakucheka. Ilikuwa mara ya kwanza. Alimtazama Laurenti kwa muda, kama mtu anayesoma namba kwenye karatasi, kisha akampa mkewe mkono, akapanda.

Pantoni ilivuka, ikateremsha watu, ikarudi. Mwenye pantoni akauliza kama kuna anayevuka. Laurenti alisimama pale pale, amepakata mkoba. Ikaondoka na watu wengine, ikarudi tena.

Ng'ambo abiria wote walikuwa wameshatawanyika. Walibaki wawili. Mwinyijuma amekaa juu ya sanduku lake, amegeuza uso kuelekea upande huu. Mboni alikuwa amevua ile kanga, amemtandia mumewe kichwani kumkinga na jua, na mkono mmoja ameuweka juu ya macho, anaitazama kila pantoni inayokuja.